Cheti cha Tovuti na Ufunguo Wake wa Siri: Maelezo kwa Mwenye Tovuti

Mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni, shule au chama cha akiba na mikopo anapojengewa tovuti, ndani ya seva yake huwekwa mafaili mawili madogo ambayo kwa kawaida hakuna anayemweleza habari zake. La kwanza ni cheti cha usalama. La pili ni ufunguo wa siri wa cheti hicho. Yote mawili ni maandishi matupu yasiyozidi kurasa chache, na ukiyafungua utaona mistari ya herufi na tarakimu zisizosomeka. Kwa kuwa yanafanana, watu huyachukulia kuwa kitu kimoja. Huyahifadhi pamoja, huyatuma pamoja, na fundi akiyaomba hupewa pamoja, pengine kwa WhatsApp, pengine kwa barua pepe ya ofisi inayosomwa na watu wanne.

Makala haya yanaeleza kwa nini mafaili hayo hayapaswi kutendewa sawa. Tumeyaandika kwa ajili ya mwenye tovuti ambaye si mtaalamu wa kompyuta, lakini ndiye anayelipa ankara, ndiye ambaye jina lake limo kwenye tovuti, na ndiye atakayeulizwa na wateja endapo fedha au taarifa zao zitapotea. Sehemu chache zinamhusu zaidi fundi. Hizo mwenye tovuti anaweza kumwonyesha na kumtaka azifuate.

Leseni ya ukutani na muhuri wa kabatini

Ichukulie ofisi yoyote ya biashara. Leseni hutundikwa ukutani ili kila aingiaye aione, na hakuna hasara mteja akiipiga picha. Muhuri, kinyume chake, hukaa ndani ya kabati lililofungwa, kwa kuwa aliye nao anaweza kuandika barua yoyote ikaonekana imetoka kwako. Cheti cha tovuti ni leseni; ufunguo wa siri ni muhuri. Cheti hutolewa kwa kila mtu anayefungua tovuti yako, na hakina siri yoyote ndani yake. Kina jina la kikoa, jina la mamlaka iliyokitoa, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na nusu moja ya jozi ya kihesabu inayoitwa ufunguo wa umma. Nusu ya pili ya jozi hiyo ndiyo ufunguo wa siri.

Wazo la kuwa na funguo mbili, mmoja wa kutangazwa na mwingine wa kufichwa, lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakapata njia ya kulitekeleza ambayo ingali inatumika hadi leo. Katika njia yao, ufunguo wa siri hujengwa juu ya namba tasa mbili kubwa mno, na ufunguo wa umma huwa na zao la namba hizo zikizidishwa. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi kutoka kwenye zao hadi kwenye namba mbili za mwanzo, kwa ukubwa unaotumika sasa, ni kazi ambayo hakuna kompyuta iliyopo inayoweza kuikamilisha. Kwa hiyo ulinzi wote umesimama juu ya sharti moja, kwamba faili la ufunguo lisinakiliwe. Mwizi anayeweza kunakili hana haja ya kufanya hesabu.

Kivinjari cha mteja kinapofungua tovuti yako, seva hukionyesha cheti, kisha hutia sahihi kwa ufunguo wa siri juu ya mazungumzo hayo hayo yaliyoanza wakati huo. Kivinjari huilinganisha sahihi hiyo na ufunguo wa umma uliomo ndani ya cheti. Vikikubaliana, kivinjari kinaamini kwamba kinazungumza na mwenye cheti. Mtu aliyenakili ufunguo wako ataweza kutia sahihi ile ile. Akifanikiwa pia kumwelekeza mteja kwenye seva yake, kwa mfano kupitia Wi-Fi ya bure ya hoteli au ya stendi anayoiendesha yeye, tovuti yake ya bandia itafunguka kwa jina lako kamili bila onyo lolote. Mteja atakayeandika nywila yake humo hatakuwa na kosa, kwa kuwa atakuwa amekagua kila alichofundishwa kukagua.

Kuna hatari ya pili, iliyo ya zamani kidogo. Katika namna moja ya mawasiliano iliyotumika sana miaka iliyopita, mtu aliyekuwa amerekodi mazungumzo kati ya mteja na seva angeweza kuyaweka, akasubiri mpaka apate ufunguo, kisha akayasoma yote. Itifaki ya TLS 1.3 iliyotolewa mwaka 2018 iliifuta namna hiyo. Fundi wako akikuambia kwamba seva bado inatumia itifaki za zamani tu, mtake aeleze sababu.

Tuseme jambo moja pembeni. Cheti kinathibitisha jina la kikoa, hakithibitishi uaminifu wa mwenyewe. Tapeli aliyesajili kikoa chenye jina linalokaribiana na la benki anaweza kupata cheti halali kabisa kwa jina hilo. Ile alama ya kufuli ambayo kwa miaka mingi watu walihimizwa kuitafuta iliondolewa na Google katika kivinjari cha Chrome mwaka 2023, kwa sababu wengi walidhani inamaanisha kwamba tovuti ni ya kuaminika.

Ufunguo huzaliwa pale utakapokaa

Utaratibu sahihi wa kupata cheti ni huu. Ufunguo wa siri hutengenezwa ndani ya seva yenyewe. Kutokana nao, seva hutengeneza faili la tatu linaloitwa ombi la cheti, lenye ufunguo wa umma na jina la kikoa. Ombi hilo ndilo linalopelekwa kwa mamlaka ya vyeti. Mamlaka huhakikisha kwamba mwombaji anakitawala kikoa, kwa kawaida kwa kumtaka aweke faili fulani kwenye tovuti au maandishi fulani katika kumbukumbu za kikoa, kisha hutia sahihi yake na kurudisha cheti. Ukiifuatilia safari hii utaona kwamba ufunguo wa siri haukusafiri popote. Mamlaka haiuhitaji, wala aliyekuuzia cheti hauhitaji.

Hata hivyo wapo wauzaji wanaompunguzia mteja kazi kwa kumtengenezea ufunguo kwenye ukurasa wao wenyewe, kisha kumtumia ukiwa tayari pamoja na cheti. Urahisi huo una gharama. Mwezi Februari 2018, muuzaji mmoja wa vyeti wa Uingereza alitaka vyeti vya wateja wake vibatilishwe. Mamlaka ya Marekani iliyohusika ilimtaka athibitishe kwamba vyeti hivyo vimeingia hatarini. Mkuu wa kampuni hiyo akajibu kwa kutuma funguo za siri za wateja zipatazo 23,000 kwa barua pepe. Kwa kutumwa huko tu, funguo zote zikahesabiwa kuwa zimevuja, na kanuni za mamlaka za vyeti zikalazimu vyeti vyake vibatilishwe ndani ya saa 24. Maelfu ya wenye tovuti walijikuta wakitafuta vyeti vipya kwa haraka, kwa kosa la mtu ambaye hakupaswa kuwa na funguo zao hata siku moja.

Kwa maoni yetu, swali la kwanza la kumwuliza anayekuuzia cheti lisiwe bei. Liwe hili: ufunguo unatengenezwa wapi, na nani anabaki na nakala? Ukijibiwa kwamba unatengenezwa kwenye seva na hakuna nakala nyingine, umepata jibu zuri. Ukijibiwa kwamba kampuni inautunza ili ukipotea ikupatie tena, nenda kwingine, kwani ufunguo uliopotea hauhitaji kurejeshwa. Hutengenezwa mwingine. Tunatoa nafasi kwa hali moja tu, ya tovuti ndogo iliyo kwenye seva ya pamoja ya kampuni inayohifadhi tovuti. Hapo kampuni ndiyo inayoendesha seva, na ufunguo utakuwa mikononi mwake vyovyote vile. Kinachobaki ni kuichagua kampuni hiyo kwa uangalifu.

Kuhusu bei tutasema machache. Shirika lisilo la kibiashara la Let's Encrypt, la Marekani, limekuwa likitoa vyeti bure kwa umma tangu mwishoni mwa mwaka 2015, na usimbaji wa mawasiliano chini ya vyeti hivyo hauna udhaifu kuliko ule wa vyeti vya kulipia. Anayekutoza fedha nyingi anapaswa kueleza anachouza zaidi ya cheti chenyewe, iwe ni ukaguzi wa kampuni yako, msaada wa simu, au kazi ya kukisimika.

Ndani ya seva

Majina ya mafaili hutofautiana. Cheti mara nyingi huishia kwa .crt, .cer au .pem; ombi la cheti kwa .csr, ufunguo kwa.key, na wakati mwingine kwa .pem vilevile. Kwa hiyo mwisho wa jina si ushahidi wa kutosha. Fungua faili uangalie mstari wa kwanza. Ukiona maneno BEGIN CERTIFICATE katikati ya vistari, hicho ni cheti, na unaweza kukituma kwa yeyote. Ukiona PRIVATE KEY, lifunge faili hilo na usilitume. Faili linaloishia kwa .pfx au .p12 ni la kuangaliwa zaidi, kwa kuwa huwa ni kifurushi kimoja chenye cheti na ufunguo ndani yake. Hulindwa kwa nywila, na ulinzi huo ni imara kadiri nywila yenyewe ilivyo imara.

Anayetumia programu ya Certbot, ambayo ndiyo hutumika sana kupata vyeti vya Let's Encrypt, atayakuta mafaili yake katika folda ya /etc/letsencrypt/live, kila kikoa na folda yake ndogo. Ndani yake mna manne: cert.pem ambacho ni cheti, chain.pem chenye cheti cha mamlaka ya kati, fullchain.pem chenye vyote viwili, na privkey.pem, ambao ndio ufunguo.

Faili la fullchain.pem linastahili maelezo, kwa sababu kosa linalolihusu huleta malalamiko mengi yasiyoeleweka. Mamlaka ya vyeti haitii sahihi cheti chako kwa cheti chake kikuu, ambacho hufungiwa mbali. Hutumia cheti cha kati. Simu na kompyuta za wateja zinakijua cheti kikuu tu, hivyo seva yako ni lazima itoe cheti chako pamoja na cha kati ili mnyororo ukamilike. Fundi akisimika cert.pem peke yake, tovuti itafunguka vizuri kwenye kompyuta yake, kwa sababu baadhi ya vivinjari hukumbuka au hujitafutia cheti cha kati, lakini simu za baadhi ya wateja zitatoa onyo la hatari. Fundi atasema kwake inafunguka. Mteja atasema kwake haifunguki. Na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Tatizo lingine la kawaida ni seva kukataa kuwaka kwa madai kwamba ufunguo na cheti havilingani. Hutokea pale ombi jipya la cheti lilipotengenezwa kwa ufunguo mpya huku faili la zamani la ufunguo likiwa bado mahali pake. Fundi anaweza kulihakiki kwa programu ya OpenSSL: amri ya openssl x509 -noout -pubkey -in ikifuatwa na jina la cheti, na amri ya openssl pkey -pubout -in ikifuatwa na jina la ufunguo, hutoa ufunguo wa umma ule ule ikiwa viwili hivyo ni jozi. Ukaguzi huo ufanyike ndani ya seva. Zipo tovuti zinazojitolea kukagua kama cheti na ufunguo vinalingana, zikiwa na kisanduku cha kubandikia kila kimoja. Usibandike ufunguo wako humo, hata ukurasa ukiahidi kwamba hautunzi kitu.

Juu ya ruhusa, kanuni ni kwamba faili la ufunguo lisomwe na msimamizi mkuu wa seva peke yake, jambo ambalo mafundi huliandika kwa tarakimu 600 au 400. Wapo wanaolegeza ruhusa hizo wakidai kwamba bila hivyo tovuti haitasoma ufunguo. Dai hilo kwa kawaida si sahihi. Programu za Apache na Nginx, zinapowashwa kwa utaratibu wa kawaida wa seva za Linux, huanza zikiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu, husoma ufunguo, na baada ya hapo ndipo hukabidhi kazi ya kuhudumia wateja kwa watenda kazi wenye mamlaka madogo. Programu ya duka lako la mtandaoni, ambayo ndiyo wavamizi huishambulia kwanza, haina sababu ya kuliona faili hilo.

Faili la ufunguo lisiwekwe kamwe ndani ya folda ya kurasa za tovuti, ambayo kila mtu duniani anaweza kuisoma akiotea jina la faili. Lisichanganywe na programu za tovuti zinazopakiwa kwenye hifadhi za pamoja za wahandisi. Na nakala rudufu ya seva, ikiwa ina ufunguo ndani yake, ilindwe kama ufunguo wenyewe. Tumekuwa tukiona nakala rudufu zikiachwa kwenye flashi ndani ya droo ya mapokezi.

Inawezekana pia kuufunga ufunguo kwa nywila, lakini hapo seva itaiomba nywila hiyo kila inapowashwa. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, tovuti itabaki imelala mpaka mtu aamke kuandika nywila. Ndiyo sababu wengi huuacha wazi na kutegemea ruhusa za faili, na hatuwalaumu.

Fundi anapoondoka

Hapa ndipo wenye tovuti wengi huumia, na mara nyingi si kwa uhalifu wa mtu bali kwa mambo yaliyoachwa bila kuandikwa. Fundi aliyejenga tovuti alisajili kikoa kwa jina lake, akafungua akaunti ya seva kwa barua pepe yake, akatengeneza ufunguo kwenye kompyuta yake ya mapajani, kisha akapata kazi mji mwingine. Au mmegombana kuhusu malipo. Mwenye tovuti hubadilisha nywila ya seva, akapumua akiamini mlango umefungwa.

Nywila mpya humzuia fundi kuingia kwenye seva. Haifanyi chochote kwa nakala ya ufunguo aliyo nayo tayari. Nakala hiyo itaendelea kufanya kazi mpaka cheti kiishe muda au kibatilishwe. Na akiwa bado anakitawala kikoa, hali ni mbaya zaidi, maana anaweza kuiomba mamlaka yoyote cheti kipya kwa jina lako, naye atapewa, kwa kuwa mamlaka huangalia anayekitawala kikoa, haiangalii anayelipa kodi ya duka.

Kwa hiyo utaratibu wetu huanzia kwenye kikoa. Hakikisha kwa msajili kwamba kikoa kimeandikwa kwa jina lako au la kampuni yako, na kwamba barua pepe ya mawasiliano ni yako. Badilisha nywila ya akaunti ya kikoa kabla ya nyingine yoyote. Zifuate za seva. Kisha mtake fundi mpya atengeneze ufunguo mpya kabisa ndani ya seva, aombe cheti kipya kwa ufunguo huo, akisimike, na baada ya kuona kinafanya kazi, aiombe mamlaka ikibatilishe cha zamani.

Utaona kwamba katika utaratibu huu hakuna mahali ulipolazimika kumwomba fundi wa zamani ufunguo wake. Watu hutufuata wakitaka tuwasaidie kumshurutisha fundi arudishe faili hilo, na wengine wameombwa walipe fedha ili walipate. Msilipe. Faili lililokaa mikononi mwa mtu mwingine halikufai tena hata likirudi, kwani huwezi kujua ameacha nakala ngapi. Kinachostahili kudaiwa kwa nguvu zote ni kikoa.

Baada ya kukamilisha hayo, fanya ukaguzi mmoja ambao wengi hawaujui. Kivinjari cha Chrome, tangu mwaka 2018, hukataa vyeti vipya vya mamlaka za umma ambavyo havikuandikwa kwenye daftari za wazi zinazosomwa na mtu yeyote. Kwa kuandika jina la kikoa chako kwenye tovuti ya crt.sh, utapata orodha ya vyeti vilivyotolewa kwa jina hilo na mamlaka zilizovitoa. Ukikuta kilichotolewa tarehe ambayo hukuomba kitu, mwonyeshe fundi siku hiyo hiyo. Unaweza pia kuweka katika kumbukumbu za kikoa rekodi iitwayo CAA, inayotaja mamlaka unazoziruhusu kukutolea vyeti. Nyingine zote zinalazimika kukataa.

Muda wa vyeti unafupishwa

Tangu Septemba 2020 cheti cha tovuti hakikuruhusiwa kudumu zaidi ya siku 398. Mwezi Aprili 2025, baraza la mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipitisha ratiba ya kupunguza muda huo: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Maana yake kwa mwenye tovuti ni kwamba mtindo wa fundi kuja mara moja kwa mwaka kubadilisha cheti kwa mkono, na kuandika ankara, unaelekea mwisho wake. Anayekuuzia leo mkataba wa aina hiyo wa miaka mitatu mwulize atahuisha vipi cheti kila baada ya siku 47, na kwa malipo gani.

Jibu la busara ni kuiachia seva ihuishe yenyewe. Programu ya Certbot hukagua mara mbili kwa siku na kuhuisha cheti cha siku 90 zinapobaki siku 30, nayo hutengeneza ufunguo mpya kila mara isipokuwa imeagizwa vinginevyo. Hilo la mwisho ni jema, kwa sababu kuhuisha cheti kwa ufunguo ule ule wa zamani hakumwondoi aliyekwisha kuunakili. Mambo mawili husahaulika. Seva huendelea kutoa cheti cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu yake mpaka iagizwe kusoma kipya, hivyo agizo hilo liwe sehemu ya utaratibu. Pia, tangu Juni 2025, Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Aliyezitegemea aweke ukumbusho wake mwenyewe.

Ufunguo ukivuja

Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika programu ya OpenSSL, iliyowezesha mtu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, ufunguo wa siri ukiwemo. Wapo waliokimbilia kutengeneza funguo mpya kabla ya kuziba kasoro, na funguo hizo mpya zikawa wazi vilevile kama za zamani. Wengine waliziba kasoro na kupata cheti kipya wakibaki na ufunguo ule ule. Mpangilio wa hatua ni muhimu: kwanza zibwe njia iliyovujisha, ndipo utengenezwe ufunguo mpya, uombwe cheti kipya, kisimikwe, na cha zamani kibatilishwe. Mamlaka inapoonyeshwa kwamba ufunguo umevuja, inapaswa kubatilisha cheti ndani ya saa 24, hivyo cheti kipya kiwe tayari kabla ya kuomba. Nywila za wateja zibadilishwe mwishoni, kwa kuwa zikibadilishwa mapema zinaweza kupita katika njia ile ile iliyo wazi. Msitegemee ubatilishaji peke yake, maana si kila kivinjari huuangalia kila mara.

Ikiwa tovuti inapokea majina, namba za simu au kumbukumbu za mikopo ya watu, suala si lako peke yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka mkusanyaji azilinde taarifa alizopewa. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2019 inamtaka anayezisimamia amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvunjaji wenye hatari kwa wahusika. Anza kuandika tarehe na saa tangu dakika ya kwanza ya kushuku.

Mteja anayetaka kuleta malalamiko dhidi ya fundi au kampuni iliyokataa kumkabidhi kikoa au akaunti ya seva aje na mkataba au mazungumzo yaliyoandikwa, risiti za malipo, uthibitisho wa usajili wa kikoa, na picha ya skrini ya onyo lolote lililotokea. Cheti chenyewe anaweza kukiambatisha. Faili la ufunguo asituletee. Likiletwa tutalihesabu kuwa limevuja, na tutamtaka alibadilishe kabla hatujaanza kusikiliza shauri lake.